Gari la Pwani hukaguliwa uvunguni

Mhariri,

Kurasa za magari katika magazeti yetu nazisoma kila zinapotoka, na ushauri wake karibu nimeuhifadhi: tazama injini, tazama ulaji wa mafuta, uliza kama spea zinapatikana, na ukiwa na uwezo chukua gari lililoinuka. Si ushauri mbaya. Ila umeandikwa na watu wa Nairobi kwa watu wa Nairobi, ambako gari huchoshwa na foleni na mashimo. Huku Malindi gari huuawa na chumvi na joto, nalo huanza kufa kutoka chini, mwenyewe akiwa bado analisugua na kulipaka nta kila Ijumaa. Naomba nafasi nieleze jinsi tulivyochagua gari la nyumbani hivi majuzi, maana naona majirani wanaingia yadi wakiwa na maswali ya Nairobi peke yake.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, hata mikutano ya watu wa ofisini, nikiitwa naenda. Kwa hiyo gari letu lina kazi mbili: kubeba watu sita wa nyumba moja, na mwisho wa wiki kubeba masufuria, madeste na magunia ya mchele. Katika hao sita yumo mamangu, ambaye magoti yake yalishamkataa, na ambaye kliniki yake iko Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi za barabara mnayoijua.

Kilichotuachanisha na Toyota Wish yetu si injini. Injini iliwaka vizuri mpaka siku tulipoitoa. Shemeji yangu, ambaye kazi yake ni kunyoosha na kuunga bodi za magari, alikuja kula chakula cha mchana akaona rangi imefura kidogo chini ya mlango wa nyuma. Akaomba bisibisi. Akatandika gunia, akalala chali, akadonoa lile bomba la chuma linalopita chini ya milango, na bisibisi ikazama mpaka mpini. Alipoichomoa, kutu ikamwagika juu ya gunia kama majani ya chai. Ndani hamna kitu. Rangi peke yake ndiyo iliyokuwa imebaki na umbo la gari. Akasogea nyuma, akadonoa pale sespenshoni inaposhika bodi, napo bisibisi ikaingia.

Nilimwambia aunge, si ndiyo kazi yake? Akanijibu kwamba kuunga ataunga, na pesa atapokea, lakini chuma kipya hakina pa kushika ikiwa jirani yake ni kutu, na kwamba chuma kile cha chini ya milango ndicho kinachokaza sakafu na viti, na ndicho kinachopokea kishindo gari likigongwa ubavuni. Watoto wangu hukaa ubavuni. Mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa mtu atauliza, gari liliozaje na halijawahi kuingia baharini? Halihitaji kuingia. Kazi zangu nyingi ziko Mambrui, Gongoni na Ngomeni, na anayeijua njia hiyo anajua mashamba ya chumvi yanavyoipakana. Tope la kando ya barabara kule ni chumvi tupu. Hurukia uvunguni, likakauka pale, likatulia. Chumvi nayo kazi yake ni kuvuta unyevu. Umande ukishuka usiku lile tope linalowa tena, na chuma hakipati siku ya kukauka. Ongeza upepo wa kusi, ambao ukivuma unakuletea bahari mpaka kwenye vioo vya madirisha nyumbani. Ndugu zetu wa Lamu wamesalimika kidogo kwa kuwa kisiwani wanatembea kwa miguu, kwa punda na kwa mashua, lakini mwenye gari huliacha Mokowe, upande wa bara, hatua chache tu kutoka majini, na likikaa pale wiki mbili bila kuguswa ni kama limeachiwa chumvi ilile kwa nafasi.

Basi ikabidi tutafute gari jingine, na nyumba ikagawanyika. Baba watoto alitaka Nissan X-Trail, gari lililoinuka, kwa hoja kwamba ikinyesha masika njia ya Langobaya haipitiki na gari la chini. Kijana wetu mkubwa alitaka Subaru Forester, kwa hoja ambayo mzazi yeyote mwenye kijana anaijua. Mimi nilitaka gari lenye mlango mpana na sakafu ya chini, na nilitaka injini isiyozidi sisi (cc) 1500.

Hilo la sisi 1500 si ubahili. Ni hesabu ya ushuru. Tangu 2023 ushuru wa forodha kwa magari ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi sisi 1500 na 25 kwa ile ya petroli inayopita hapo hadi sisi 3000, halafu VAT ya asilimia 16, na kila kodi inahesabiwa juu ya ile iliyotangulia. KRA, mamlaka ya kodi, nayo haitazami ulilipa ngapi Japani. Ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, kisha inapunguza kulingana na umri. Kwa hiyo tofauti ya asilimia tano inapomaliza kupanda ngazi zote hizo si ndogo, na utailipa hata kama gari limesajiliwa tayari na unalinunua yadi, kwa sababu mwenye yadi aliilipa kabla yako na hana nia ya kukusamehe. Bei tuliyotoa sitaitaja hapa, baba watoto angenisusa.

Halafu kuna sheria ya miaka minane. Gari lililotumika haliruhusiwi kuingia Kenya likiwa limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na sharti liwe na usukani upande wa kulia. Wengi tunaijua sheria, matokeo yake hatuyafikirii. Toyota iliacha kutengeneza Wish mwaka 2017. Maana yake ni kwamba tangu kuanza kwa 2025 haiwezi tena kuletwa kutoka Japani, na Wish yoyote utakayouziwa sasa imeshakula barabara zetu. Ikiwa imeishi Nakuru, huenda ni salama. Ikiwa imeishi Mombasa, Kilifi au hapa kwetu, mwite fundi wa bodi kwanza, wa injini baadaye. Ndiyo maana sisi, japo gari lile tulilipenda, hatukutafuta jingine kama hilo.

Tukateremka Mombasa kutazama magari, nami nikabeba sufuria yangu kubwa ya pilau na deste moja. Muuzaji wa yadi ya kwanza alicheka mpaka akaita wenzake. Mimi sikuona cha kuchekesha. Tarakimu za lita za buti hazinisaidii kitu. Ninachotaka kujua ni kama sufuria yangu inaingia imesimama, na mfuniko juu, na mlango ukafungwa. Kwenye X-Trail iliingia, lakini ilibidi inyanyuliwe mpaka kifuani, na sufuria ya wali iliyojaa huinyanyui kifuani ukiwa na kanga na ndara. Kwenye Probox iliingia raha mustarehe, zikaingia na mbili nyingine. Kwa mfanyabiashara asiye na mzee nyumbani, Probox mimi sina neno nayo, ingawa kiti chake cha nyuma kimetengenezwa kwa ajili ya mizigo inayojifanya watu.

Jaribio la pili lilikuwa mamangu mwenyewe. Tulikuwa tumekwenda naye, kwa kuwa siku hiyo alikuwa na miadi. Baba watoto akamfungulia mlango wa X-Trail kwa heshima zote. Mama akakusanya buibui lake, akatia mkono kwenye kiti, akapima kwa macho, kisha akauondoa mkono. "Mwanangu," akaniambia mimi, si yeye, "mimi si mgema." Baba watoto akageuka akaanza kuchunguza tairi ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

Kwenye Toyota Sienta mama aliingia kwa hatua moja. Mlango wake wa nyuma unasukumwa kando kama wa matatu, kwa hiyo hata kwenye vichochoro vya Shela yetu, ukutani huku na ukutani kule, mzee anashuka bila kujipenyeza kwa ubavu. Ile iliyoanza kutengenezwa 2015 ina injini ya sisi 1500, na yenye safu tatu, kiti cha mwisho hulala chini ya kile cha kati na nyuma pakabaki uwanja. Noah ni pana zaidi na mama aliipenda vilevile, ila injini yake inapita ile mistari ya ushuru niliyoieleza, na jamaa zangu wakijua nina Noah hakuna harusi nitakayokwenda bila kupitia nyumba tano.

Sisemi Sienta ni ya kila mtu. Anayeishi Langobaya au Marafa na kupita udongo kila siku ya mvua, amsikilize baba watoto: achukue gari lililoinuka, maana Sienta itakaa juu ya tope kama iliyoegeshwa. Sisi tunaishi penye lami, na siku za Langobaya mwaka mzima ni za kuhesabu. Siku hizo tunaacha gari kwa ndugu na kupanda pikipiki. Gari huchaguliwa kwa safari za kila wiki, na kwa yule abiria ambaye ana shida kuliko wote. Dereva atajizoesha tu.

Nirudi uvunguni, maana hapo ndipo penye maneno. Magari mengi tuliyooneshwa yalikuwa yamepakwa rangi nyeusi chini, nzito, nyingine bado inanukia. Muuzaji husema ni kinga ya kutu. Ni kweli kinga hiyo ipo na inafaa, ikipakwa juu ya chuma safi. Ikipakwa juu ya kutu, inaifunika na kuifungia unyevu ndani, na kazi inaendelea gizani. Shemeji alikuwa na sumaku ndogo na tochi. Alichokuwa akitafuta ni mahali palipojazwa plasta, pale ambapo sumaku haishiki, na vichwa vya bolti, kwa sababu mpakaji wa haraka hukumbuka bapa zote na kusahau bolti. Gari moja jeupe lililong'aa sana lilikuwa na bolti zilizokuwa zimebaki nusu. Tukashukuru, tukaondoka.

Kutu hiyo ilitoka wapi na gari lilishuka meli mwezi uliopita? Ilitoka kwao. Kaskazini mwa Japani, Hokkaido na kwingineko, theluji huanguka na barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Yaani unaweza kuagiza gari lililokwisha kuanza kuliwa na chumvi ya kwao, ukaja kuliongezea ya kwetu. Na hili linajulikana kabla gari halijapanda meli, kwa sababu magari mengi yanayokuja kwetu hupita mnadani, na kila moja huandikiwa karatasi. Juu kuna alama ya jumla: 4 na 4.5 ni nzuri, 3.5 inavumilika, na R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Wanunuzi wanaishia hapo. Lakini chini kuna mchoro wa gari na herufi ndogondogo. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Kwa mtu wa Nairobi S moja chini ya mlango si hoja. Kwa mtu wa Malindi ni hoja kubwa kuliko kilomita zote zilizo kwenye dashibodi. Na tukitaja kilomita, karatasi hiyohiyo inazo, zile za siku ya mnada. Zilinganishe na unazooneshwa.

Yadi ya kwanza walisema karatasi imepotea. Ya pili walisema iko kwa wakala. Mahali tuliponunua walitupa bila ubishi, tena kijana akatusomea herufi moja moja. Cheti cha ukaguzi wa Japani nacho wanakuonesha wote kwa fahari, lakini cheti hicho kinasema gari linafaa kuwekwa barabarani, hakisemi litadumu miaka mingapi Gongoni.

Kuhusu haibridi, gari la petroli na betri, tulivutana kidogo. Sienta ipo ya petroli peke yake na ipo ya haibridi, na kwa bei ya mafuta ambayo EPRA, wasimamizi wa nishati, hututangazia kila tarehe 14, moyo unavutika. Tulichukua ya petroli. Betri kubwa ya haibridi haipendi joto, na hupozwa na hewa ya ndani ya gari. Katika Toyota nyingi hewa hiyo huvutwa kupitia tundu dogo lililo karibu na kiti cha nyuma, na tundu hilo lina kichujio kinachohitaji kusafishwa. Sasa fikiria gari langu: nyuma kuna watoto wenye biskuti, juu yake kuna vumbi la mchele na kanga imetupwa juu ya tundu, nje jua la Januari, gari limefungwa vioo. Mwenye gari tulivu na kiyoyozi kinachofanya kazi, haibridi itamlipa. Yangu ingenidai.

Sasa jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mifuko ya hewa (airbag) iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani ilirudishwa dunia nzima, takriban milioni 100, na kampuni yenyewe ikafilisika 2017. Hiyo ilikuwa habari ya kimataifa, tukaisoma, tukafungua ukurasa mwingine. Lakini sababu ya ubovu wake ndiyo inayotuhusu. Baruti iliyomo ndani huharibika kidogokidogo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, na gari likigonga, hata kwa kishindo cha kawaida, kikopo chake kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watu wameuawa hivyo. Joto na unyevu, Mhariri. Hiyo si Nairobi, ni sisi, kuanzia Vanga hadi Kiunga. Toyota, Honda, Nissan, Mazda na Subaru zote zilikuwa na matoleo yaliyohusika, mengi ni ya miaka ya 2000 hadi katikati ya miaka ya 2010, na hayo ndiyo magari yaliyojaa mitaani kwetu. Aliyenunua gari lake kwa mtu aliyenunua kwa mtu, barua ya kulirudisha haimfikii. Watengenezaji wana kurasa kwenye intaneti ambako unaandika nambari ya chesi na kuambiwa kama gari lako limo. Wish yetu tuliiangalia kabla ya kuitoa, na aliyeichukua tulimwambia yote mawili, la mifuko na la bisibisi. Aliitaka injini.

Mengine nitayapitia haraka. Logibuku, yaani hati ya gari, itafutwe kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kabla pesa haijatoka, na ukikuta jina la mkopeshaji pembeni ya jina la mwenye gari, deni halijaisha. Tairi lina tarakimu nne ubavuni zinazotaja wiki na mwaka lililotengenezwa, na tairi lenye vipele vizima laweza kuwa zee kuliko gari. Rejeta isitiwe maji ya kisima, visima vingi vya mjini kwetu vina chumvi. Na bima: gari la binafsi likibeba abiria wa kulipa, au mizigo ya biashara bila kampuni kujua, siku ya ajali utabaki na sufuria zako. Mimi nilimwambia wakala waziwazi kwamba napika shughuli, akaniandikia bima inayonifaa, nikaongeza pesa kidogo.

Ombi langu kwa gazeti ni kwamba mwandishi wenu wa magari aje Pwani, alale uvunguni kwa magari yetu, aandike. Ombi kwa wenye yadi za Mombasa ni kwamba karatasi ya mnada ibandikwe kwenye kioo cha mbele, pamoja na bei. Na kwa wasomaji wenye magari ya umri huo niliotaja, nambari ya chesi imo kwenye logibuku, kuiangalia ni kazi ya dakika chache kwa simu. Baadhi ya kurasa hizo ni za Kijapani na zinatisha, lakini kijana wetu wa Subaru amezizoea, na jirani yeyote wa Barani akitaka msaada aje nyumbani. Jumamosi na Jumapili asije, nina harusi.

Mpishi wa shughuli,
Barani, Malindi